Kidole Gumba

Mimi ndiye niliyemchora kindi.
Magazeti hayakunitaja, nami sikuyadai.
Nilimchora usiku wa Februari, Kadıköy, juu ya duka la mshona viatu,
Sevtap kajifunika koti la babake,
chaja moja tunaigombea.
Alisema: mkia unenepe zaidi. Watu wataupenda mkia.
Nikaunenepesha.

Babake alikuwa mpima magunia huko Giresun,
milimani, ambako kuna njugu wenyewe huziita findiki
na Agosti nzima vidole vya watu hubaki vyeusi kwa maganda.
Kila msimu mnunuzi alimnong'oneza Mzee Rüknettin:
gandamiza kidogo, gumba moja tu, nani ataona?
Mzee akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo,
gunia lijisemee lenyewe.
Kwa hilo alifukuzwa kazi mara mbili.
Mara ya pili hakurudishwa.

Sevtap alinisimulia hayo akicheka,
huku akihesabu kodi tunayodaiwa.

Michezo sita ilikufa kabla ya kindi.
Ule wa nyuki ulipakuliwa na watu arobaini,
thelathini na mmoja wakiwa binamu zake.
Ule wa teksi ulizima simu za watu.
Wa nne sitaki kuutaja.
Tukala mikate ya ufuta na chai, asubuhi na jioni,
na jino langu likauma kama mtu anayenidai.
Nikamuuzia hisa zangu kwa bei ya jino na kodi ya miezi miwili.
Usiuze, aliniambia. Mara tatu aliniambia.
Nunua, nikasema, jino halisikii hekima.

Mwaka uliofuata kindi akaruka.

Akaruka Izmir, akaruka Lima,
akatua mikononi mwa wauguzi wa zamu ya usiku,
mwa dereva wa lori anayengoja muhuri mpakani.
Panga findiki tatu, zinapasuka, na ile sauti tamu
ni meno ya Sevtap mwenyewe, kayasogeza kwenye maikrofoni.
Chumba kikawa ghorofa, ghorofa zikawa tatu.
Wakaja vijana wa takwimu
walioweza kukutajia sekunde ambayo mtu hukata tamaa,
na sekunde moja kabla yake.

Hapo, katika hiyo moja kabla,
ndipo fedha ilipokuwa imelala.

Findiki moja ikosekane. Moja tu.
Mchezaji aone ushindi umempita kwa upana wa unywele,
kisha kitufe cha kijani kimkonyeze:
nyundo ya dhahabu, bei ya kikombe cha kahawa.
Sevtap akatia saini. Nilikuwepo, mwajiriwa sasa, mwenye jino jipya.
Hakuna aliyedanganywa. Yote yameandikwa kwenye masharti
ambayo hakuna anayeyasoma.

Kampuni ya ng'ambo ilipoinunua yetu (yake),
alimpelekea babake simu mpya.
Mzee akacheza, alfajiri, miwani ncha ya pua,
akafika hatua ya mia mbili na kumi na mbili,
akakwama wiki saba.

Akapiga. Tulikuwa garini, sauti wazi kwenye spika.
Binti, mizani hii ina mtu.
Baba, ni mchezo tu.
Nimepima miaka ishirini na tisa. Nalijua gunia lililopungua,
na nalijua lililopunguzwa.

Daraja lote likaisha kimya.
Kisha: nitakufungulia hatua hiyo, baba, sasa hivi.
Usinifungulie mimi, akasema,
akakata.

Kindi bado anaruka, wenye mali ni wengine.
Sevtap amekipanga tena chumba cha juu ya mshona viatu
na anaunda kitu asichotaka kukisema.
Jana aliniomba mkia. Mwembamba, alisema,
wa kindi aliyewahi kulala njaa.
Penseli nimechonga.
Ila safari hii nimeanza kwa kuuliza hisa.