Chiumbe na Chihumbe

Bahasha nimeifunga kifuani, kanga juu ya kanga,
tangu Newala, saa kumi na nusu usiku,
hadi hapa Mtwara, dirisha la tatu, kiti cha plastiki.
Karani anaifungua kwa ncha za vidole
kama anayebangua korosho ya moto:
cheti cha ndoa, cheti cha kifo,
barua ya Mahakama ya Mwanzo, muhuri umekwenda upande,
picha zangu mbili ndogo, nyuma buluu,
nimekodoa macho kama ninayedaiwa.

"Mama, hapa pana tatizo.
Jeshini tunaye Chiumbe.
Wewe umetuletea Chihumbe."

Nikasema, ndiye.
Akasema, siye, mfumo unamkataa.
Herufi moja, mama. Hii hapa.
Akaigonga kwa kalamu
kama mdudu aliyemkuta kwenye mchele.

Sabini na sita, aliyemwandikisha alikuwa na haraka,
foleni ya vijana imefika hadi goli la pili,
na mume wangu, mtoto wa Kitangari, hakuuliza.
Askari haulizi jina lake; huitwa, naye huitika.
Akaitika Chiumbe miaka ishirini na mmoja.
Akaitika Kagera, matope hadi magotini.
Akarudi na kipande cha chuma kiunoni
ambacho hakimo kwenye fomu yoyote.

Walipomstaafisha wakampa kiinua mgongo.
Tulicheka sana siku ile, yeye kashika ukuta.
Bati ishirini na nne, baiskeli, pipa la maji.
Nyumba ikainuka.
Mgongo ukabaki pale pale.

Kisha pensheni, kila mwezi, kidogo kidogo:
dawa ya kuchua, madaftari ya wajukuu,
ndoo za maji, maana kwetu juu mlimani
maji hupimwa kama mafuta ya taa.
Tangu masika, alipofariki, benki imenyamaza.
Wapwa zake wamekuja mara mbili, kwa adabu,
wakakaa mkekani, wakanywa chai,
wakauliza shamba lina mikorosho mingapi.
Mtu hahesabu miti bure.

Nikamwambia karani: mwanangu, sikiliza.
Kama ni wawili, nilipeni wawili.
Mimi niliishi nao wote.
Chihumbe alipogolea mikorosho, akala mabibo
mpaka fulana zake zote zikawa na ramani,
akamwogesha mjukuu huku akimtania pua.
Chiumbe alikuja saa nane za usiku.
Alilala chini ya kitanda, si juu,
akiita, "Mtipa, inama! Inama, Mtipa!"
na kila usiku Mtipa hakuinama.
Nilimfunika huko huko chini, sikumgusa bega.
Asubuhi Chihumbe aliuliza
nani ameitupa kanga sakafuni.

Karani hakucheka.
Alizipanga karatasi zangu, akazipanga tena.
"Nenda kwa wakili, mama, mtaa wa nyuma ya soko.
Mwambie kiapo cha majina. Elfu ishirini.
Halafu urudi na nakala tatu."

Elfu ishirini ilikuwa ya nauli na ya maji.

Wakili alinisomea polepole, kama kwa kiziwi:
Mimi, Somoe binti Nandonde, mjane, mtu mzima,
naapa kwamba Chiumbe na Chihumbe
ni majina ya mtu mmoja na yule yule.
Kalamu ikasita juu ya nukta zake.
Mbele ya muhuri sijawahi kusema uongo.
Nikatia saini.

Akainama juu ya karatasi, akaupuliza wino ukauke.
Hhh.
Hiyo hapo, nikasema moyoni, herufi yenu.
Ndiyo aliyoitoa mwisho, kabla ya adhana ya alfajiri,
nami sikuwa na karatasi ya kuiandikia.