Robo kwa Robo

Umeuleta umefungwa kanga, kama mtoto wa homa,
ukaulaza kwenye benchi langu kati ya minyororo na pedali,
ukasema: Fundi, ulegeze. Bega halijarudi.

Pasua nzima wananijua kwa spoki na breki.
Upinde wenye roda mbili ni mgeni hapa.
Lakini bolti ni bolti,
na funguo za pembe sita ninazo, saizi zote,
ukiondoa namba nne aliyoazima Ndetaulwa
akahamia nayo Himo.

Kwanza tusome.
Kijitabu kimelowa chai, ila ukurasa wa tisa unasomeka:
ratili hamsini, juu kabisa;
mizunguko mitano kushuka, basi.
Nimeandika ukutani kwa chaki: TANO.
Chaki haisahau. Mimi nasahau.

Toa mkono kwenye upote, Anansia.
Hapana, hata "kuujaribu tu."
Upinde ukiachiwa bila mshale
nguvu hukosa pa kwenda, hurudi nyumbani,
na nyumba yake ni mabawa haya mawili,
na jirani wa mabawa haya ni uso wako.

Nipe rangi yako ya kucha. Hiyo nyekundu.
Nukta bolti ya juu, nukta bolti ya chini,
tujue tulikotoka.
Skrubu ndogo za ubavuni zilegee kwanza;
anayelazimisha bolti iliyokabwa
hubaki na shimo la mviringo na aibu.

Sasa, kinyume cha saa.
Juu, robo. Chini, robo.
Juu, robo. Chini, robo. Usinisemeshe.
Ukilegeza mmoja ukamsahau wa pili
roda zitaishi kama mke na mume waliokosana:
huyu anaamka, yule ndio kwanza anajifunika,
na mshale, mtoto wao, atatoka nyumbani kombo.

Mzunguko wa kwanza. Tuutundike kwenye mizani ya baba,
iliyopima kahawa ya Kibosho
enzi gunia lilipokuwa ada ya shule.
Ndoano kwenye upote, naushusha upinde taratibu,
sindano inapanda, inafika kileleni, inaanguka:
kilo ishirini na moja na robo tatu.
Mizani haina shemeji, baba alikuwa akisema,
naye shemeji zake walikuwa wengi.

Miwili. Mitatu. Minne.
Mitano.
Kilo kumi na nane.

Unasema: bado nzito. Daktari alitaka kumi na sita.
Unasema: Fundi, miwili tu, nani ataona?

Watu huogopa kukaza.
Kukaza kunapiga kelele, chuma kinaguna, mkono unakataa.
Kulegeza ndiko kunakonyamaza.
Bolti inatoka kwa upole, hesi moja, hesi mbili,
inabaki imeshika kwa ncha ya jino,
nawe unasikia raha begani
mpaka siku bawa linachomoka kwenye kiti chake.

Niliwahi kumlegezea mtu breki
kwa sababu aliniomba vizuri.
Mpaka leo nikimwona Mbuyuni na gongo lake
napitia upande wa vitunguu.

Kwa hiyo nakaba skrubu za ubavuni.
Upinde utakaa hapa, msumarini, juu ya matairi.
Wewe chukua mpira huu wa ndani, una viraka vitatu,
ufunge kwenye nondo ya dirisha, uvute kila asubuhi
polepole, kama unayemvua mtoto shati.
Mpira ukichoka kabla yako, njoo.

Umeondoka na kanga tupu, hukuniaga.

Nukta mbili nyekundu zimerudi palepale zilipoanzia;
ukizitazama utasema hakuna aliyegusa kitu.
Ukuta tu ndio unaojua.
Tangu jana wateja watatu wameniuliza
hiyo tano ni deni la nani.