Kizimba cha Saba

Tartu. Theluji imeziba dirisha la maabara.
Maarika anahesabu mizunguko ya gurudumu,
mia nne na kumi na mbili,
kisha kimya.
Panya kaanguka ubavu, macho wazi,
chembe ya chokoleti ingali mdomoni:
furaha imemkata miguu.

Ubongoni mwake oreksini haipo,
ule ushanga mfupi wa protini
unaouambia mwili, haya, simama.

Dakika moja. Masharubu yacheza. Huyo, kainuka,
anakimbia tena kana kwamba hakuna aliyemwona.

Maarika anaandika saa, anafuta miwani.
Baba yake naye, siku alipomwoza,
alicheka, akaporomoka katikati ya ukumbi.
Wakasema kalewa.
Hakuwa amegusa hata bilauri.