Kielelezo cha Kwanza

Jaji aliuliza: Alikupiga?
Hapana.
Alikunyima chakula?
Hapana. Alikipima.

Nsimire akatoa mkobani chupa ya mawese,
imechorwa mistari ya kalamu nyekundu, kila mstari na tarehe yake.
Makaa nayo yalihesabiwa. Njiti za kiberiti pia.
Siku aliyotoka kumzika mama yake Walungu
aliulizwa chenji ya nauli
kabla hajavua kilemba.

Cirhuza akasimama, tai imenyooka:
“Mheshimiwa, kisichohesabiwa hupotea.”
Watu wakacheka. Jaji pia, kidogo.

Mimi karani nilitafuta neno la sheria,
kalamu ikakwama kwenye “mwenendo”.
Mvua ya Kadutu ilipiga mabati, hatukusikilizana.
Nikaigeuza chupa nibandike namba.
Mstari wa juu kabisa:
siku ya tatu baada ya harusi.