Kushuka na Mto Mbezi

Tulianzia Goba, nyuma ya ghala la mbao,
mimi na Kondo na baiskeli mbili:
yake ya gia kumi na nane, zinazofanya kazi tatu,
yangu Phoenix ya marehemu baba, nzito kama deni.
Kiangazi kilikuwa kimeugeuza mto barabara,
mchanga mweupe, na katikati uzi wa maji
ukipita kwa adabu
kama mtu aliyechelewa msibani.

Hatua mia moja tu, mji ukapanda juu yetu.
Honi zikawa za watu wengine. Kuta zikainuka,
udongo mwekundu, kisha wa manjano, kisha mwekundu tena,
na ndani yake, kama karanga kwenye kashata,
kokoto, soli ya kandambili, kizibo cha soda
isiyotengenezwa tena.
"Soma," akasema Kondo, kidole chake ukutani.
"Hapa Elnino. Hapa ile mvua ya harusi yangu."
Mimi niliona udongo.

Korongo ni ndege, korongo ni shimo hili.
Siku zote nilidhani ni uvivu wa wazee,
jina moja kugawiwa wawili,
mpaka tulipokata kona tukamkuta amesimama,
mguu mmoja majini, shingo kaikunja,
akitutazama kama mwenye hati.
Tukashuka kwenye baiskeli. Tukampisha.

Kutoka hapo mchanga ulilainika, tairi zikazama.
Tukazibeba mabegani.
"Leo farasi ni sisi," Kondo akahema,
na kwa nusu saa hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.
Keremkerem walichomoka kwenye matundu ya ukuta,
mmoja, mmoja, halafu wote,
cheche za kijani za fundi asiyeonekana.

Juu zikaanza nyumba.
Yaani nusu zake.
Bomba la choo limetokeza hewani, halina la kumwambia mtu.
Ngazi tano za saruji zinashuka, ya sita hakuna.
Bikoni ya kiwanja inaning'inia kwa nondo yake,
namba bado inasomeka.

Mwanamke alikuwa anaanika kanga ukingoni.
"Nyie! Mnatafuta nini huko chini?"
"Hatutafuti kitu, mama. Tunatembea tu."
Akacheka, kicheko kikateremka, kikagonga ukuta wa pili,
kikaturudia kikiwa kikubwa zaidi.
"Watu wazima, mnatembea shimoni!"
Kisha, akibana kibanio cha mwisho:
"Basi mkikutana na ukuta wangu,
wa buluu, wa chumba cha watoto,
uambieni saruji yake sijamaliza kuilipa."

Kona ya tatu tukakutana nao.
Umelala chali, buluu yake juu,
wachimba mchanga wameufanya meza:
chupa ya chai, vitumbua ndani ya gazeti,
makoleo yameegemea ubavuni.
Wakatukaribisha. Tukakaa juu ya chumba cha watoto,
tukanywa chai ya tangawizi,
na hakuna aliyeuliza lori lile, likijaa,
linaelekea kujenga nyumba ya nani.
Swichi ilikuwa ingali mahali pake.
Kondo akaibonyeza.
Sote tukatazama juu, hata wachimbaji.
Jua lilikuwa limeshawaka.

Ule ujumbe hatukuufikisha. Unaanzaje
kumwambia ukuta habari za deni?
Tulitokea chini ya daraja la barabara ya Bagamoyo,
pancha mbili, magoti mekundu,
na mji ukatushukia tena kwa kelele zake zote.

Lakini nilikuwa nimebandua kipande cha plasta,
ukubwa wa ukucha. Nikakiweka kwenye kikopo cha viraka
pamoja na gundi na msasa,
na Jumamosi iliyofuata nikapita kwa juu, barabarani,
nimpelekee.
Hodi tatu. Kimya.
Kanga zilikuwa kambani, zimekauka mpaka zimekakamaa.
Nikasogea ukingoni, si sana, nikahesabu ngazi.
Nne.
Na mvua ilikuwa haijanyesha.