Na Kazi Nyingine Atakazopangiwa

Barua imekuja Jumatatu, ukurasa mmoja na nusu,
muhuri umekaa upande kama kofia ya bwana harusi mwenye haraka.
Msaidizi wa Kompyuta, ngazi ya kuanzia.
Ofisi ipo Mlandege, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo.
Shilingi laki tatu na nusu, kabla ya makato.

Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma nimekaa.
Kisha nikageuza bahasha, nikaanza hesabu mgongoni mwake:
chumba Kwa Mtipura, elfu tisini, choo cha pamoja;
nauli ya kwenda na kurudi, siku ishirini na sita;
bando, maana fundi wa mtandao hagaiwi mtandao;
mchana wali na maharage, samaki tumsahau;
na cha kutuma Wete, hata kiwe kidogo.
Kalamu ikaishiwa wino kabla sijaishiwa fedha.
Nikafurahi.
Nikaitikisa, ikaandika tena.

Nikampigia Mbarouk, tuliyekaa dawati moja chuoni.
"Mie laki tano, hoteli ya Kiwengwa.
Lakini nalala huku huku, ukuta mmoja na jenereta,
na mgeni akikosa intaneti saa nane za usiku
mlango unaogongwa ni wangu."
Tukataka kuzigawa laki tano kwa saa za kugongewa.
Hatukufika mwisho. Aliitwa.

Ami Khatib hakutaka hata kusikia tarakimu:
"Chukua! Wangapi wana vyeti na wanauza vocha?"
Wengi, Ami. Nawajua kwa majina.
Ila sijaona bado mtu akipima unga wake
kwa kibaba cha jirani aliyelala na njaa.

Usiku nikamsomea Mama, kwa simu, neno kwa neno.
Nilimsikia anavuta uzi.
Mama anashona kofia za mkono, vitobo vyembamba
hata sindano huingia kwa kuomba radhi.
Akasema: "Alikuja mtu, tukapatana bei.
Nimefika nusu, akarudi: niongezee na ua hapa juu, dogo tu.
Nikamuuliza, dogo vitobo vingapi?
Akacheka. Nikaiweka kofia chini
mpaka alipokaa akahesabu."
Kimya kidogo. Uzi.
"Hiyo barua yako, vitobo vyake vimehesabiwa?"

Nikaisoma mara ya tatu, kwa kidole.
Kifungu cha saba, mstari wa mwisho, maandishi yale yale:
na kazi nyingine atakazopangiwa.
Ua dogo hilo.
Ndani yake nikaona printa ya mkurugenzi, nyumbani kwake, Ijumaa jioni;
kamera za ghala; waya za darini na popo wake;
mtoto wa mhasibu na kazi yake ya skuli;
na yule bwana atakayesahau neno la siri kila Jumatatu
na kunitazama kana kwamba nimelificha mimi.

Sijui kama laki tatu na nusu ni dhuluma.
Kwa saa nane, huenda ndiyo bei ya mtu asiyejaribiwa.
Seva ya watu haijanifia mikononi bado,
na itakapokufa nitatetemeka, nalijua hilo.
Lakini ua halimo katika bei.

Nikaandika: Nimeipokea kwa shukrani.
Naomba kifungu cha saba kihesabiwe:
saa za usiku zilipwe mbali, bando liwe la ofisi,
na baada ya miezi sita tukae tena.
Nikaandika laki nne na nusu. Nikaifuta nusu.
Nikairudisha. Nikaifuta.
Nikatuma laki nne na ishirini,
ishirini ya nauli, nisionekane nimeiokota hewani.

Leo Alhamisi. Simu imelia mara mbili.
Kwanza Mbarouk, anauliza kama kwenu kuna nafasi.
"Kwetu wapi?" nikamwambia.
Kisha Mama: kofia imekwisha, na ua lake.
Mwenyewe hajaja kuichukua.