Sufi ya Mawe

Karani wa mahakama ya Malindi amesema
fomu hii ni ya mfanyakazi peke yake.
Basi nimemjazia baba:
Thoya Mwaringa, fundi wa boila,
karakana ya reli, Mombasa,
namba elfu nne mia nne na saba,
iliyogongwa kwenye kipande cha shaba
ambacho mchwa hawakuweza kukila
kama walivyokula stakabadhi za mshahara.

Miaka kumi na tisa akizivisha boila nguo.
Sufi ya mawe, ndivyo walivyoiita wenyewe,
kwa kuwa ilikuwa nyeupe, laini,
na haikushika moto.
Wakati wa chakula waliikalia.
Hakuna aliyeambiwa ina miiba.

Sasa kutoka kitandani hadi msalani
ni stesheni tatu.
Anashika ukuta, anangoja,
anashika mlango, anangoja,
kisha anacheka: "Abiria mtusamehe, tumechelewa,"
na kicheko chenyewe kinamkaba.
Analala ameketi, mito mitatu ya sponji mgongoni;
ule wa sufi ya mti ameukataa.

Daktari kakadiria: asilimia arobaini na tano.
Wakili akazidisha kwa mshahara wa wakati ule
(mshahara wa wakati ule!)
akanionyesha jibu kwenye simu.
Sokoni leo hazinunui mbuzi wawili.

Tena wanataka mashahidi, waliofanya naye kazi.
Chengo Baya: yuko Ganda, chini ya mkorosho.
Nyiro wa Gona: Msabaha, mwaka juzi.
Okumu alirudi kwao Ugenya akikohoa,
barua yetu ikarudi haijafunguliwa.
Nimeyaandika majina yao hata hivyo,
na mbele ya kila jina: kifua.

Penye "maelezo mengine" pana mistari miwili.
Haitoshi.
Kila mwisho wa mwezi baba alikuja na ovaroli kwenye gunia,
mama akazikung'uta uani kabla ya kuziloweka,
nasi watoto tukasimama chini ya unga ule,
tukijipaka nywele, tukijifanya wazee wenye mvi,
na yeye akicheka, kanga mdomoni,
akikung'uta tena.

Mama hajawahi hata kupanda treni.

Jana usiku nilisikia kikohozi,
nikakimbiza maji chumbani kwa baba.
Nikamkuta amelala.